Mita imesimama, maji yanakwenda: uchambuzi wa uvujaji uliofichika katika nyumba ya ghorofa moja, kisiwani Mombasa

Nyumba na maji yake

Nyumba ni ya ghorofa moja, iko kisiwani, na umri wake umepita miaka 30. Chini wanakaa wapangaji, watu 5. Juu anakaa mwenye nyumba na jamaa zake, watu 4. Kuta za chini ni mawe ya matumbawe na chokaa, zilizokuja kupigwa lipu ya saruji miaka ya baadaye. Za juu ni matofali ya saruji. Mtaa, majina na kila kinachoweza kuwatambulisha wenyewe vimeondolewa.

Kisa hakieleweki bila kwanza kuijua njia ya maji. Maji matamu ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere kwenye vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi. Hayautoshi mji, kwa hiyo huja kwa mgao, na nyumba hii ilikuwa ikiyapata usiku, mara mbili kwa wiki. Yakija hupita kwenye mita na kuingia tangi la chini, la zege, lenye upana wa mita 2 kwa 2 na kina cha mita 2. Pampu huyapandisha hadi tangi la plastiki la lita 2,000 lililo juu ya dari. Pampu hiyo hujiendesha: boya la umeme likishuka inawaka, likipanda inazima. Kutoka tangi la juu maji hushuka kwa uzito wake wenyewe katika bomba moja, na bomba hilo linagawanyika matawi mawili, la juu na la chini.

Uani kuna kisima cha maji ya chumvi, chenye tangi lake dogo, kwa ajili ya choo cha chini, kufulia na kuosha uwanja. Choo cha juu nacho kilikuwa kikitumia maji ya kisima hadi miaka miwili kabla ya kisa hiki, kikahamishiwa maji matamu kwa sababu chumvi ilikuwa ikila vifaa vya sistani kila baada ya miezi michache. Palikuwa pia na valvu ya dharura iliyounganisha kisima na tangi la juu, ya kufunguliwa mgao ukikatika. Valvu hiyo itarudi mbele.

Dalili

Bili ya kawaida ilikuwa uniti 19 hivi kwa mwezi, uniti moja ikiwa lita 1,000. Aprili ikaja 24, Mei 30, Juni 31, na ikakaa hapo.

Wakati huohuo ukuta wa korido ya chini ukaanza kulowa kutoka sakafuni hadi kimo cha sentimita 40. Rangi ilifura, ikabanduka, na nyuma yake lipu ikatoa chumvi nyeupe laini kama unga wa muhogo. Ukipangusa kwa mkono leo, baada ya siku tatu imerudi.

Dalili ya tatu ilikuwapo na hakuna aliyeihesabu. Pampu ilikuwa ikiwaka usiku wa manane, nyumba nzima imelala. Bibi wa juu aliisikia kila alipoamka kabla ya alfajiri, akadhani wapangaji wanachota. Wapangaji waliisikia, wakadhani ni juu.

Hatua za kwanza, zilizokosea

Mwenye nyumba alianza na watu badala ya mabomba.

"Mama, kwani mnafulia watu huko chini?"

"La, mzee. Na maji ya kufulia nachota kisimani, si ya mfereji."

Jibu lile lilikuwa ushahidi mzuri. Kama kufulia hakuhusu maji ya mita, basi ongezeko la lita elfu kumi na mbili kwa mwezi lilihitaji maelezo mengine. Halikufuatwa, na bili ikaendelea kugawanywa kwa idadi ya vichwa, chini wakilipa zaidi.

Fundi wa kwanza alifanya kipimo kinachofundishwa kila mahali. Alifunga mifereji yote ya nyumba, akasimama kwenye mita dakika 15, akaona namba hazisogei, akatangaza kwamba hakuna kinachovuja baada ya mita. Kwa kuwa bafu la juu liko karibu kabisa juu ya ile korido, akasema tatizo ni vigae vya bafu: maji ya kuoga yanapenya viungo vya vigae. Vigae viling'olewa, sakafu ikapakwa dawa ya kuzuia maji, vikawekwa vipya. Gharama ilikuwa shilingi 38,000. Alama ya ukutani haikupungua.

Fundi wa pili alikuja Agosti akasema ni mvua za masika zilizonyonywa na msingi, zitakauka. Septemba ukuta ulikuwa uleule, na upande wa nje wa ukuta huo ulikuwa mkavu tangu Julai.

Kisha ikakodiwa kamera ya joto. Ilionyesha doa la ubaridi ukutani, mahali palepale ambapo jicho lilikuwa limeshapaona. Maji ya tangi la juu Mombasa yana joto karibu sawa na sakafu, kwa hiyo bomba lenyewe halionekani. Kinachoonekana ni ukuta uliolowa unavyopoa kwa maji kukauka juu yake. Kamera hii hufaa zaidi bomba la maji moto linapovuja, kwa sababu hapo tofauti ya joto ipo.

Kwa nini mita ilidanganya

Kile kipimo cha mita ni sahihi katika nyumba inayopokea maji moja kwa moja kutoka barabarani saa zote. Katika nyumba ya matangi mita huona kipande kimoja tu: kutoka kwenye mita hadi boya la tangi la chini. Tangi likishajaa na boya likafunga, mita itasimama hata kama bomba la bafuni limekatika. Mgao usipokuwapo nayo husimama, maana hakuna maji ya kuisukuma. Na usiku mgao unaporudi, hewa iliyojaa bombani hutangulia mbele ya maji na inaweza kuizungusha mita bila tone kupita. Ukiisoma dakika hizo utapata hofu isiyo na sababu.

Katika nyumba kama hii shahidi ni kimo cha maji tangini. Kazi yote iliyofuata, mwanzoni mwa Oktoba, ilisimama juu ya neno hilo: kuugawa mfumo vipande, kufunga kipande kimoja kimoja, na kupima kimo.

Kipande cha kwanza na cha pili: mita hadi tangi, na tangi lenyewe

Usiku wa mgao wapimaji walingoja nusu saa hadi maji yakatulia na kuacha kutema hewa. Boya la tangi la chini likafungwa juu kwa kamba ili lisipokee maji, kisha wakatazama kile kigurudumu kidogo cha mita kinachozunguka hata kwa mtiririko mdogo. Dakika 30 hakikutikisika. Bomba la kutoka mitani lilikuwa zima.

Kipande hiki kisipuuzwe hata mahali ambapo bili ni ndogo. Bomba lililotoboka ardhini hutoa maji mgao ukiwapo, lakini mgao ukiondoka bomba hubaki tupu na linaweza kuvuta ndani uchafu wa udongo unaolizunguka, yakiwemo maji ya shimo la choo. Hapo maradhi ya tumbo huja kabla ya bili kupanda.

Tangi la chini lilipimwa likiwa limejaa, si nusu. Ufa ukiwa juu, tangi la nusu halitaonyesha kitu. Pampu ilizimwa, kiingilio kikafungwa, mstari wa chaki ukachorwa. Kwa eneo la mita 2 kwa 2, sentimita moja ni lita 40, kwa hiyo hata nusu sentimita ni habari. Baada ya masaa sita mstari ulikuwa palepale. Maji pia yalionjwa: tangi lenye ufa katika ardhi ya kisiwa linaweza kuingiza maji ya chumvi badala ya kutoa, na ulimi huligundua hilo mapema. Yalikuwa matamu.

Kipande cha tatu: tangi la juu na matawi yake

Upana wa ndani wa tangi la juu ni mita 1.3. Nusu yake ni 0.65, na 3.14 mara 0.65 mara 0.65 inatoa mita za mraba 1.33. Kila sentimita ya kimo ni lita 13.3. Kipimo kilichukuliwa kwa ufito ulionyooka uliopakwa chaki, ukisimamishwa mahali pamoja kila mara, kwa sababu matangi haya yana mikunjo nje na kipimo cha nje hupotosha.

Muda uliochaguliwa ni saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, masaa sita. Ulichaguliwa kwa watu wa nyumba hii: ukisogea mbele zaidi, watu wanaamka kutawadha na kipimo kimeharibika. Kila familia iliweka ndoo mbili za akiba usiku huo na pampu ikazimwa kwenye swichi kuu.

Usiku wa kwanza valvu kuu ya tangi ilifungwa kabisa, ili lipimwe tangi peke yake. Alfajiri kimo kilikuwa kimeshuka sentimita 7. Hapa nusura pafanyike kosa la pili la gharama, maana mtu mmoja tayari alishasema tangi limepasuka na linunuliwe jipya. Kabla ya hapo waliijaribu valvu. Mfereji wa jikoni chini ulifunguliwa, valvu ya juu ikiwa imefungwa, wakangoja dakika 10 maji yaliyomo bombani yaishe. Yaliendelea kuchirizika, wembamba wa uzi, bila kukoma. Ilikuwa geti valvu ya zamani. Ulimi wake wa shaba ulikuwa umeganda chumvi na haukai tena kwenye kiti chake. Mkono unahisi imefunga, na maji yanapita.

Ndiyo sababu valvu yoyote hupimwa kwanza kabla ya kuaminiwa. Ile ya zamani ilitolewa, zikawekwa mbili mpya zenye tufe la chuma ndani, zile zinazogeuzwa robo mzunguko, moja kwa kila tawi, za robo tatu inchi. Kazi ya saa mbili, na bila hiyo yaliyofuata yasingekuwa na maana.

Usiku wa pili matawi yote mawili yalifungwa: kimo hakikushuka. Tangi lilikuwa zima, na bomba la kupandishia halikuwa likirudisha maji chini kupitia pampu. Usiku wa tatu lilifunguliwa tawi la juu tu: sentimita 3, yaani lita 40. Usiku wa nne tawi la chini tu: sentimita 4.5, yaani lita 60.

Lita 40 na 60 kwa masaa sita ni lita 100. Kwa siku nzima ni 400, na kwa siku 30 ni lita 12,000. Bili ilikuwa imepanda kutoka uniti 19 hadi 31, tofauti 12. Hesabu ilifunga. Tunaipa hesabu hii uzito mkubwa: ndiyo iliyoonyesha kwamba kuna tundu mbili, si moja, na kwamba hakuna la tatu linalotafutwa. Kama namba zisingekutana, kungekuwa na kipande kilichorukwa.

Tawi la juu: rangi ya biriani

Tawi la juu halikuwa na alama yoyote ya unyevu popote, na hilo peke yake lilielekeza chooni. Maji yanayovuja ndani ya sistani hushuka kwenye bakuli na kwenda zake. Hayalowanishi ukuta wala hayasikiki.

Nusu kijiko cha chai cha rangi ya biriani kilikorogwa ndani ya sistani na watu wakaambiwa wasivute maji kwa nusu saa. Dakika ya 12 ule mstari wa machungwa ulikuwa unateremka kwenye bakuli, mwembamba, upande wa nyuma. Maji yakavutwa mara moja, kwa sababu rangi hii ikikaa hutia doa.

Rangi inasema kwamba maji yanapita, haisemi yanapitia wapi. Kwa hilo, koki ndogo ya kuingizia maji ilifungwa na kimo ndani ya sistani kikatiwa alama ya penseli. Kimo kikishuka, kasoro iko kwenye mpira wa chini. Kisiposhuka, ila maji yakirudishwa yanamwagikia kwenye bomba la kutolea maji ya ziada, kasoro ni boya lililowekwa juu mno. Hapa kilishuka. Mpira ulikuwa umekauka na kuwa mgumu, na mdomo unaokaliwa na mpira ulikuwa na ukoko wa chumvi, masalio ya ile miaka ya maji ya kisima. Ukoko ulilainishwa kwa siki usiku mmoja, ukasuguliwa kwa kitambaa na si kwa kisu, kisha ukawekwa mpira mpya. Kubadilisha mpira bila kusafisha mdomo kungevujisha tena ndani ya wiki.

Tawi la chini: kulitafuta tundu

Kazi ilikuwa hapa. Tawi la chini ni bomba la chuma la nusu inchi lililozikwa sakafuni wakati wa ujenzi; hakuna mchoro, na aliyelilaza hayupo. Linakwenda jikoni na bafuni.

Kwanza lilithibitishwa kwamba unyevu wa ukuta haukutokana na hewa, maana hewa ya Mombasa ni nzito na ukuta baridi huweza kutoa jasho. Kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita kilibandikwa ukutani kwa tepu pande zote nne kwa siku mbili. Matone yalijikusanya upande wa ndani, uliogusa ukuta. Yangekuwa upande wa nje, ingekuwa hewa.

Kisha presha. Tangi lililo mita 8 hivi juu ya sakafu ya chini hutoa presha ya baa 0.8 tu, na kwa nguvu hiyo tundu dogo halina sauti. Pampu ya mkono ya kupimia iliunganishwa kwenye mfereji wa beseni, pamoja na geji, na valvu ya tawi ikafungwa. Hewa ilitolewa kwa kufungua mifereji mingine hadi maji yakatoka bila kutema. Presha ilipandishwa hadi baa 3, ikaishia hapo. Bomba jipya hupimwa kwa zaidi ya hivyo, lakini chuma cha miaka 30 kikisukumwa kwa baa 10 utapata matundu ambayo hayakuwapo. Na isitumike hewa ya kompresa badala ya maji: hewa iliyobanwa hulimbikiza nguvu, kiungo kikiachia huruka kama risasi.

Sindano ya geji ilianguka kutoka baa 3 hadi 1.2 haijafika dakika mbili. Chini ya karo la jikoni kiungo cha tii, kinachogawa bomba njia mbili, kilikuwa wazi, kwa hiyo tawi lilitenganishwa hapo na ncha zikazibwa kwa plagi. Jikoni ilishika baa 3 kwa nusu saa. Bafuni ilianguka. Eneo la kutafuta likapungua kwa zaidi ya nusu bila kuvunja kitu.

Kilichobaki ni sikio. Saa tano usiku, friji na feni zimezimwa, mtu mmoja akiendelea kusukuma pampu ili presha isishuke, mwingine alishika nondo ya milimita 12 yenye urefu wa sentimita 60, ncha moja sakafuni kwenye kiungo cha vigae, nyingine kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Sakafu ilikuwa imechorwa miraba ya sentimita 30 kwa chaki, na kila mraba ukapewa alama ya 0 hadi 3 kwa ukubwa wa sauti. Sauti ya uvujaji haipandi wala kushuka: ni mchirizo mmoja, kama sufuria ya mafuta inayoanza kupata moto. Mabomba ya chuma husafirisha sauti hii vizuri, ya plastiki huimeza. Miraba miwili karibu na kizingiti cha bafu ilipata 3. Ilirudiwa na mtu wa pili ambaye hakuonyeshwa alama za kwanza, naye akaja hapohapo.

Kilichokuwa chini ya kigae

Palivunjwa sentimita 40 kwa 40. Mchanga chini ya kigae ulikuwa umelowa tope, na ndani yake elbo ya chuma, yaani kiungo cha kona, ukoko wa kutu ya rangi ya chungwa upande mmoja na ukijani upande wa pili. Tundu lilikuwa kwenye nyuzi za elbo, halifiki upana wa milimita moja. Sindano ya kushonea ingeingia kwa shida.

Lipo kwenye nyuzi kwa sababu nyuzi zinapokatwa huondoa tabaka la zinki na kupunguza unene wa chuma karibu nusu. Pale ndipo kutu huanza. Lipo kwenye elbo hii na si nyingine kwa sababu miaka michache nyuma bafu lilifanyiwa marekebisho, na bomba la plastiki la PPR likaungwa kwenye chuma kwa kiungo cha shaba. Shaba na chuma zikigusana ndani ya maji, chuma huliwa. Maji yakiwa ya chumvi huliwa kwa kasi zaidi, na hapa ndipo inaporudi ile valvu ya dharura: kila mgao ulipokatika, maji ya kisima yalipandishwa tangi la juu na kushuka katika mabomba haya haya.

Kutoka kwenye tundu hadi alama ya ukutani ni mita 2.5. Maji yalitembea ndani ya mchanga ulio chini ya vigae, juu ya zege, hadi yakakuta ukuta wa mawe ya matumbawe. Jiwe hili lina vinyweleo, linanyonya kama sifongo. Bafu la juu, lililotozwa shilingi 38,000, halikuhusika kabisa.

Uamuzi wa matengenezo

Njia rahisi ilikuwa kubadilisha elbo, kumwaga saruji, kurudisha kigae. Ilikataliwa. Kila kiungo cha tawi lile ni cha umri uleule na kimepitiwa na chumvi ileile. Baada ya miezi sakafu ingevunjwa mahali pengine. Tawi la bafuni lilikatwa pale kwenye tii, likazibwa kabisa, likaachwa limelala sakafuni. Likawekwa bomba jipya la PPR la milimita 20, mita 9, juu ya ukuta, ndani ya kasha refu la plastiki linalofunguka, na valvu yake yenyewe mwanzoni. Mwenye nyumba hakupenda mwonekano, akakubali alipoelezwa kwamba uvujaji ujao utaonekana siku hiyohiyo.

Kwa bomba la ukubwa huu chuma cha kuunganishia, kinachoyeyusha plastiki, kilipashwa hadi nyuzi 260, bomba na kiungo vikapashwa sekunde 5 kwa kina cha milimita 14, vikaunganishwa ndani ya sekunde 4 bila kuzungushwa, vikaachwa dakika 2 bila kuguswa. Kupasha kupita kiasi huyeyusha ukingo wa ndani na kuziba njia. Utajua kwa mfereji kutoka maji machache wakati matangi yamejaa. Vishikio viliwekwa kila sentimita 60.

Kwenye kipimo cha mwisho geji ilishuka kidogo dakika za mwanzo. PPR hutanuka inapopata presha mara ya kwanza. Presha ilirudishwa baa 3 na saa ikaanza kuhesabiwa upya. Masaa mawili sindano haikusogea.

Valvu ya dharura iliondolewa na ncha zote mbili zikazibwa. Mbali na kutu, ilikuwa njia ya maji ya kisima, yasiyotibiwa, kuingia maji ya kunywa, na valvu moja iliyochoka ndiyo pekee iliyoyatenga.

Ukuta

Hapa haraka ilikatazwa. Lipu ya saruji iliyofura ilibanduliwa hadi sentimita 80 kutoka sakafuni, mara mbili ya kimo cha alama, na jiwe likaachwa wazi. Chumvi ilisuguliwa kwa brashi kavu na kufagiliwa nje kila wiki. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani ya jiwe. Kaskazi ilipoanza Desemba, milango ya mbele na nyuma iliachwa wazi mchana ili upepo upite. Kipimo cha nailoni kilirudiwa Januari kikaonyesha ukungu mwepesi, kikarudiwa Februari kikatoka kikavu. Ndipo ikapigwa lipu ya chokaa, si ya saruji. Saruji huufunga unyevu ndani ya jiwe la matumbawe, nao hutafuta njia ya juu zaidi.

Matokeo

Bili ya Novemba ilikuwa uniti 20, ya Desemba 19. Pampu haiwaki tena usiku. Wapangaji walirudishiwa ziada waliyotozwa tangu Aprili, kwa kukatiwa kwenye kodi.

Chini kabisa ya ukuta, sentimita 10 za mwisho, bado panaonyesha kivuli cha unyevu mvua zikinyesha. Huo ni wa ardhi: nyumba ya umri huu haina tabaka la kuzuia maji kwenye msingi, na haukuwa sehemu ya uvujaji.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kosa kubwa halikuwa la fundi wa kwanza kutojua kazi. Alifanya kipimo sahihi katika nyumba isiyokifaa, na jibu lake la uhakika lilifunga mlango wa kutafuta kwa miezi minne. Baada ya "hakuna kinachovuja" kilichobaki kilikuwa vigae, mvua, na wapangaji.

Kosa la pili ni kuamini alama. Tundu lenye alama lilibeba lawama zote, na lisilo na alama, la chooni, lilikuwa likichukua lita 160 kwa siku bila kutajwa na mtu. Kama wangelipata la sakafuni kwa bahati na kusimama hapo, bili ingebaki kwenye uniti 24 na kila mtu angeshangaa.

Kilichookoa ni usiku nne, ufito na chaki. Gharama yake ilikuwa ndoo za akiba na valvu mbili. Hata hivyo mpangilio ungeweza kuwa bora: rangi ya biriani ni ya dakika 30 na ingestahili kutangulia kila kitu, kabla hata ya kupanda darini. Na pampu inayowaka nyumba imelala ilikuwa ikisema jambo tangu Aprili. Kuandika saa zake kwa siku tatu kungetosha kuondoa shaka juu ya watu wa chini.

Tawi la jikoni bado ni la chuma. Lilishika presha, lakini ni la umri uleule na limepitiwa na chumvi ileile, kwa hiyo limewekewa valvu yake na hupimwa kwa ufito usiku mmoja kila baada ya miezi mitatu. Usomaji wa mwisho ulionyesha tofauti ya milimita 1 kwa masaa sita, ambayo ni ndani ya kosa la mkono. Mita 6 za PPR za kulibadilishia zimeshanunuliwa, zimewekwa chini ya ngazi, mahali ambapo jua halizifikii.